Jibu: Lawrence Taylor ana saki 132.5 au 142?

Habari mkuu. Umekwama kwa nini Lawrence Taylor, mlinzi wa zamani wa New York Giants kwenye futiboli ya Marekani, anaandikiwa saki (kumwangusha kwotabeki, yaani mrushaji mpira wa wapinzani, kabla hajarusha) 132.5 huku, na 142 kule. Kwanza angalia msimu wa 1981, alipoanza. NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ilianza kuhesabu saki rasmi mwaka 1982, kwa hiyo zile 9.5 za msimu wake wa kwanza hazimo kwenye 132.5. Jumlisha uone. Hiyo nusu isikusumbue: wawili wakimwangusha kwotabeki pamoja, kila mmoja hupewa nusu yake. Mimi nikilinganisha wachezaji natumia 132.5 tu, ingawa jamaa anapunjwa waziwazi. Ila ukitaka kumjua vizuri, nenda msimu wa 1986: saki 20.5, tuzo ya MVP (mchezaji bora wa ligi), ambayo walinzi huipata kwa nadra mno, na Giants wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi.