Maswali yenu: Thiago Silva na kazi ya beki wa kati

Tangu nimtaje Thiago Silva, beki Mbrazili, kwenye makala ya vitasa (mabeki wa kati) bora wa miaka ya karibuni, maswali yamemiminika. Nimechukua yale yanayogusa maisha yake ya klabu. Washambuliaji wana waandishi wao wa kutosha, leo tuzungumzie kukaba.

Nimesikia Dynamo Moscow walimsajili, wakaachana naye bila kucheza mechi hata moja ya ligi. Hakuwa na kiwango? (Msomaji, Morogoro)

Kiwango alikuwa nacho. Aliumwa, na nusura mpira wake uishie hapo. Mwaka 2004 alitoka Juventude, ile ya kusini mwa Brazili, akaenda Porto ya Ureno. Pale aliwekwa timu B na jezi ya wakubwa hakuivaa. Mwanzoni mwa 2005 akapelekwa Moscow, na huko vipimo vikaonyesha ana kifua kikuu. Alilazwa karibu miezi sita. Madaktari walifika mahali pa kufikiria kumkata sehemu ya pafu. Hebu mfikirieni kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Rio, yuko wodini Urusi, mazungumzo ya wauguzi hayaelewi, na wenzake wa rika lake wanacheza mpira. Aliamua kuacha kabisa, mama yake ndiye aliyemkatalia. Kisha Ivo Wortmann, kocha Mbrazili aliyemfundisha Juventude, akamfungulia mlango wa kurudi nyumbani, na mwaka 2006 akajiunga na Fluminense.

Hamkuniuliza, lakini nitalisema. Kwenye timu zetu za mitaani kijana akikohoa anaambiwa ni vumbi la uwanja, anapewa dawa ya duka la jirani na anaendelea na mazoezi. Kikohozi kikifika wiki mbili, au akianza kutoka jasho usiku na kupungua uzito, apelekwe kupima makohozi. Matibabu ya kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure, Tanzania na Kenya. Dawa ni za miezi, na hazikatizwi kwa sababu mtu amepata nafuu. Kocha anayemzuia mchezaji kwenda kupima kwa sababu Jumamosi kuna mechi hafai kukabidhiwa watoto wa watu.

Thiago Silva na David Silva ni ndugu? (Wengi, tena na tena)

Hapana. David ni Mhispania, Thiago ni Mbrazili, na Silva ni jina la ukoo la watu wengi mno Brazili na Ureno. Naomba swali hili lisirudi.

Mbona Milan walimuuza akiwa kwenye ubora wake? (Msomaji, Mombasa)

Fedha. Milan walimchukua Fluminense mwishoni mwa 2008, mwaka ambao klabu hiyo ya Rio ilifungwa na LDU Quito kwa penalti kwenye fainali ya Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini. Nafasi za wachezaji kutoka nje ya Ulaya zilikuwa zimejaa, hivyo alikaa miezi akifanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki tu. Siichukulii kama miezi iliyopotea, maana pembeni yake walikuwepo mabeki wawili wakubwa, Maldini, aliyekuwa anamalizia msimu wake wa mwisho, na Nesta. Alipoanza kucheza alicheza kama mwenyeji, na msimu wa 2010/11 wakachukua ubingwa wa Italia.

Julai 2012 Milan walitangaza kwamba ameongeza mkataba hadi 2017. Haikupita wiki mbili, akawa mchezaji wa PSG ya Ufaransa. Mshambuliaji Ibrahimović naye akauzwa huko huko, na kiangazi hicho hicho Nesta, Gattuso, Seedorf na Inzaghi wakaondoka. Milan hawakuuona tena ubingwa wa Italia hadi 2022. Viongozi wa klabu husema mshambuliaji mzuri hana mbadala na beki anapatikana popote. Miaka kumi ya Milan iwajibu.

Ni kweli alikuwa mwoga wa mechi kubwa? PSG alitolewa Ligi ya Mabingwa kila mwaka. (Msomaji, Dodoma)

Hili huandikwa na watu waliotazama matokeo bila kutazama mechi. Tukubali yaliyotokea. Machi 2017 alikuwa nahodha siku PSG walipofungwa 6-1 na Barcelona baada ya kushinda 4-0 nyumbani, na usiku ule timu nzima ilirudi nyuma mno, yeye akiwemo. Lawama hiyo ni halali.

Lakini rudini Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, Machi 11, 2015. Mechi ya kwanza, Paris, ilikuwa sare ya 1-1. Ibrahimović anapewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, PSG wanabaki 10. Chelsea wanapata bao, David Luiz anasawazisha kwa kichwa, mechi inaingia muda wa ziada. Hapo Thiago Silva anaushika mpira kwenye boksi, Hazard anafunga penalti. Mwoga angejificha baada ya kosa lile. Yeye alipanda kwenye kona, akapiga kichwa, Courtois akautoa. Kona nyingine ikapigwa palepale. Akarudi nyuma hatua chache, akajitenga na mtu wake, akaruka na kuupitisha mpira juu ya kipa, dakika ya 114. Ikawa 2-2 na PSG wakapita kwa sheria ya wakati ule: jumla ikilingana, anapita aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini. Mwaka 2011 aliwahi kufanya kitu cha namna hiyo Camp Nou, uwanja wa Barcelona, akiwa na Milan: kona ya Seedorf, dakika za nyongeza, kichwa, 2-2.

Ubingwa wa Ufaransa aliubeba mara 7. Mechi yake ya mwisho PSG ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa, Agosti 2020, waliyofungwa 1-0 na Bayern. Wakamwacha aende bure, akatua Chelsea.

Alilia Kombe la Dunia 2014, na bado mnamwita kiongozi? (Msomaji, Arusha)

Safu hii leo ni ya klabu. Na kulia kabla ya penalti hakumpunguzii beki chochote.

Mwanangu ana miaka 14. Kocha amempanga beki wa kati kwa sababu hana mbio, na mtoto amevunjika moyo. Nimwambie nini? (Mzazi, Tanga)

Mzazi mwenzangu, wa kuambiwa kwanza ni kocha. Nimelipigia kelele jambo hili miaka mingi: viwanja vyetu vinaigeuza nafasi ya beki kuwa adhabu. Asiyejua kupiga chenga anarudishwa nyuma, anaambiwa "ondoa", na anakua hajui kitu kingine zaidi ya kubutua. Baadaye tunashangaa klabu zikisajili mabeki kutoka nje.

Mwonyeshe kijana wako Septemba 26, 2020, mechi ya kwanza ya Silva kwenye Ligi Kuu ya England, ugenini kwa West Brom. Alikuwa ametimiza miaka 36 siku nne tu nyuma na amepewa kitambaa cha unahodha. Akiwa mtu wa mwisho, mpira ukampita chini ya mguu, Callum Robinson akaenda kufunga. Chelsea wakawa nyuma 3-0 hadi mapumziko, wakasawazisha mwishoni. Watu wakasema mzee amekwisha. Miezi minane baadaye alikuwa bingwa wa Ulaya, tena kwenye uwanja wa Porto, klabu ile ile iliyomwacha timu B. Fainali hiyo aliumia na kutoka dakika ya 39, lakini kazi ya msimu alikuwa ameshaifanya.

Mbio hakuwa nazo tena. Kocha wa Chelsea, Tuchel, alimweka katikati ya mabeki watatu, Azpilicueta na Rüdiger pembeni, na yeye akawa anasoma. Kabla pasi haijapigwa ameshageuza kichwa mara mbili kutazama nyuma yake. Anasimama mwili ukiwa nusu upande, tayari kukimbilia goli lake au kuufuata mpira. Kuteleza chini ni njia yake ya mwisho. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuanza kujifunza haya kesho jioni, na hayahitaji kiatu cha bei.

Kurudi Fluminense hakukuwa kwenda kustaafu tu? (Msomaji, Nairobi)

Alipofika katikati ya 2024 Fluminense walikuwa mkiani mwa ligi ya Brazili. Walimaliza msimu bila kushuka daraja. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia la Klabu huko Marekani, akiwa na miaka 40, walitoka 0-0 na Dortmund na 0-0 na Mamelodi Sundowns, wakawafunga Ulsan 4-2, kisha wakawatoa Inter 2-0 na Al-Hilal 2-1. Chelsea, klabu yake ya zamani, ndio waliowasimamisha nusu fainali, 2-0, mabao yote ya João Pedro, kijana aliyelelewa Fluminense.

Ukipata nafasi, tafuta mechi ya Inter, tena nzima, si dakika mbili za mabao. Achana na mpira, mtazame namba 3, Silva, kila Lautaro, mshambuliaji wa Inter, anapotaka kuingia katikati ya mabeki.