Usilipe hiyo Jupiter-8 kabla hujaimulika tochi

Mkuu, rudisha hela mfukoni kwanza. Umeandika kwamba muuzaji kakwambia ule weupe ndani ya Jupiter-8, hiyo lenzi ya zamani ya kamera unayotaka kununua, ni "vumbi tu, fundi anafuta dakika tano", halafu unauliza filamu ya kuanzia na adapta ya kuifunga kwenye kamera yako ya dijitali. Maneno hayo hayo ya vumbi niliambiwa mimi Kariakoo, yakanilia laki nne na nusu.

Ilikuwa Summitar 50mm f/2, lenzi ambayo Leitz, kampuni ya Kijerumani ya kamera za Leica, walianza kuitoa 1939. Yangu ni ya baada ya vita, zile zilizopakwa utando wa kuzuia mng'ao. Nje inang'aa, pete ya kulengea inazunguka bila kukwama. Niliitazama kwa taa ya dukani, nikaona kaukungu kama ka pumzi kwenye kioo, nikaamini. Usiku nyumbani nikafungua apecha yote, lile tundu la kupitishia mwanga, nikaweka tochi ya simu nyuma yake. Nyuzinyuzi zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati kama utando wa buibui. Fangasi! Vumbi haliwi na matawi, mkuu, na mtu anayeuza lenzi kila siku analijua hilo. Alinidanganya macho makavu.

Nilipoirudisha akanipeleka kwa "fundi wake", naye akaifungua na kuisugua kwa kitambaa. Ule utando wa zamani wa kuzuia mng'ao, hasa kwenye vioo vya ndani, ni laini mno, ukachanika mistari mistari. Na fangasi hutoa asidi inayokula utando na hata kioo chenyewe, kwa hiyo hata ukiiondoa kovu linabaki. Leo nikipiga picha Kivukoni jua likiwa mbele yangu, picha nzima inakuwa kama imemwagiwa maziwa.

Basi fanya hivi: lenzi itoke kwenye kamera, apecha wazi kabisa, tochi nyuma, chungulia kwa mbele huku ukiinamisha taratibu, kisha geuza. Akikukatalia, ondoka. Jupiter-8 zilitengenezwa nyingi mno Urusi enzi za Wasovieti, utapata nyingine.

Ukipata safi, usiifungie kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ngozi inashika unyevu, unyevu ndio unaoleta fangasi, na masika ya Dar unayajua. Tafuta kopo la mfuniko unaobana, tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Unakutana naye lini huyo muuzaji? Kama ni Jumamosi, nakuja na tochi yangu.