Je, ninunue programu ya kuzuia virusi?

SWALI: Mhariri, nina kompyuta ya Windows 11 ambayo watoto huitumia kwa masomo. Fundi amenishauri ninunue programu ya kuzuia virusi, ifanye kazi pamoja na ile niliyoikuta ndani. Ninunue ipi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, fahamu kuwa hiyo uliyoikuta ni Microsoft Defender, ambayo hailipiwi na ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikipata alama za juu katika majaribio ya AV-TEST, taasisi ya Ujerumani inayopima programu za aina hii. Kwa matumizi uliyoyaeleza, mimi naiona inatosha. Ukiweka nyingine, kama vile Bitdefender au ESET, Defender kwa kawaida hujizima yenyewe, hivyo ulinzi maradufu anaouzungumzia fundi wako hutaupata. Ukiamua kununua, uliza pia bei ya mwaka wa pili, kwa kuwa punguzo la mwanzo mara nyingi halirudiwi. Zile za kulipia zinazogawiwa bure kwenye flashi uziogope: baadhi yake ndizo virusi vyenyewe.

Lililo kubwa zaidi ni masasisho. WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua, ilipoenea Mei 2017, Microsoft ilikuwa imekwisha kuliziba tundu ililopitia tangu Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Iache Windows ijisasishe, kagua kila flashi inayotoka shuleni, na uhifadhi nakala za kazi za watoto kwenye diski ya nje, ambayo utaichomoa kila umalizapo kunakili.