Kabla hujahamia Kibamba, ipange kwanza siku ya mtoto

Tulihamia Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam kwenye Barabara ya Morogoro, mwezi wa sita mwaka 2017, nyumba ikiwa na vyumba viwili tu vilivyopigwa plasta na madirisha ya sebuleni yamezibwa kwa mabati. Kabla ya hapo tulipanga Magomeni miaka saba, vyumba viwili kwa watoto watatu, choo tukichangia na wapangaji wengine wanne. Aliyepitia maisha hayo anajua raha ya kuwaona wanao wanakimbia uani bila mtu kuwafokea. Ndiyo iliyotuhamisha, na ndiyo iliyowahamisha majirani zangu wengi. Wazazi wanafanya kazi Posta, Kariakoo au bandarini, wanajenga huku ili watoto wapate nafasi, hewa na mwembe wa kuchezea chini yake.

Kosa letu nitalisema wazi, kwa sababu kila mwezi naona familia mpya inalirudia. Tulihamisha vitanda, makabati na jiko, lakini shule tukaiacha kule kule mjini. Tulijiambia kwamba watoto wameshaizoea, walimu wanawajua, na basi la shule linafika hadi kituo chetu. Basi hilo lilipita saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita, darasa la kwanza, alikuwa anaamshwa saa kumi, anaogeshwa huku anasinzia, anakunywa chai macho yamefumba. Jioni anashushwa saa kumi na mbili, na siku za mvua saa moja na nusu. Ule uwanja tuliomtafutia kwa miaka saba aliuona Jumamosi na Jumapili.

Mwezi wa tisa mwalimu wake akaniita. Nilidhani ni ada. Akaniambia, "Mama, mwanao analala vipindi viwili vya kwanza kila siku. Siku hizi simwamshi, namhurumia." Nilirudi kwenye daladala nikilia, na sikujali nani ananitazama.

Januari iliyofuata tuliwahamishia wote watatu shule ya huku huku, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Darasa lina watoto wengi zaidi, na Kiingereza chake kilikuwa nyuma ya kile walichokizoea, ikabidi nikae nao mezani jioni. Lakini waliamka saa kumi na mbili, wakanywa uji wameketi, na saa tisa alasiri wakawa nyumbani wakicheza. Yule mdogo aliacha kuumwa kichwa ndani ya wiki tatu. Hospitali mbili tulikuwa tumempeleka kwa ajili ya kichwa hicho.

Ndiyo maana mtu akiniomba ushauri wa kiwanja, simuulizi kwanza bei. Namuuliza mtoto wako atasoma wapi, na ataendaje. Mshike mkono, toka naye pale kwenye kiwanja, tembeeni hadi shuleni saa moja asubuhi. Mtaona vitu ambavyo dalali hatawaonyesha: korongo lisilo na kivuko, kona ya bodaboda, mbwa wa watu. Zaidi ya yote, angalia shule iko upande gani wa Barabara ya Morogoro. Barabara hii kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kutoka njia mbili hadi nane, na ndiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo pamoja na mabasi ya mikoani. Kwa sisi wenye kwenda mjini upanuzi ule ulikuwa neema. Kwa mtoto wa miaka saba anayevuka peke yake, ni jambo la kumnyima mama usingizi. Mimi nilikataa kiwanja kizuri, tena cha bei nafuu, kwa sababu hiyo tu. Sijawahi kujuta.

Barabara hiyo ina funzo jingine. Mwaka 2017, mwaka ule ule tuliohamia, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi. Nilipita nikiwaona watu wamekaa juu ya magodoro yao kando ya vifusi. Baadhi walikuwa wameishi pale miaka mingi, wana umeme, wana maji, wanalipa kodi. Kwa hiyo karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa isikutoshe. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uliza ramani ya mipango miji, uliza hifadhi ya barabara na ya mkondo wa maji inaishia wapi. Kama muuzaji anakuharakisha, muache aende na haraka yake.

Sasa safari. Kutoka huku hadi Posta hazifiki kilomita 30, lakini umbali wa huku unahesabiwa kwa saa. Tangu mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, ulipoanza Mei 2016, wengi wetu tunapanda daladala hadi Kimara, tunaunganisha pale. Siku nzuri ni saa moja na nusu. Siku ya mvua ya masika, Jumatatu, hesabu mara mbili yake, na hiyo ndiyo siku ya kuijaribu njia kabla hujalipa chochote. Usiijaribu Jumapili kwa gari la shemeji. Amka kama utakavyoamka, simama kituoni, gombania gari na wenzako, ufike kazini uone umebakiwa na nguvu kiasi gani. Jioni utawakuta watu wanageuza na gari: wanapanda linakotoka, wanalipa nauli mbili, ili tu wapate kiti. Nauli hiyo ya pili iingize kwenye bajeti yako, kwa sababu kuna siku utailipa.

Mume wangu anafanya kazi bandarini, anatoka saa kumi na moja na kurudi saa mbili usiku. Mwaka mzima wa kwanza na mimi nilikuwa hivyo hivyo, Kariakoo. Nyumba ilibaki na dada wa kazi wa miaka kumi na tisa. Siku mtoto wetu wa kati alipopata homa kali na degedege, dada alinipigia nikiwa Jangwani kwenye foleni. Aliyembeba mtoto hadi hospitali ya Mloganzila, kwenye bajaji, ni jirani muuza vitumbua ambaye nilikuwa namsalimia kwa kupunga mkono tu. Hadi leo jirani huyo nikimwita dada namaanisha dada.

Baada ya siku ile tulikubaliana kwamba mzazi mmoja lazima afanye kazi upande huu. Nikatafuta, nikapata kazi ya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbezi. Mshahara ulishuka, sitadanganya. Lakini nilipotoa nauli, chakula cha mchana cha mjini na pesa ya basi la shule, pengo likawa dogo kuliko nilivyoliogopa. Na Mbezi ya sasa, tangu stendi ya mabasi ya Magufuli ifunguliwe mwaka 2021, ina kazi na biashara ambazo zamani ungezifuata Ubungo. Familia ambayo wote wawili hawawezi kufanya hivyo, nawashauri angalau zamu zipishane, ili mmoja awepo watoto wanaporudi.

Maji sitayasemea sana. Nunua simtank la lita 2,000 kabla hujanunua sofa.

Ila majirani, hapo naomba unisikilize. Anayetoka gizani na kurudi gizani, mtaa haumjui, na nyumba yake haina macho mengine. Wiki ya kwanza peleka barua ya utambulisho kwa mjumbe, jiandikishe ofisi ya mtaa, uliza ulinzi shirikishi unachangiwa shilingi ngapi. Wakichangishana kifusi cha barabara, toa, na Jumamosi ukiweza shika koleo na wewe. Kukiwa na msiba nenda ukakae, hata nusu saa, hata kama marehemu hukumjua. Chukua namba ya dereva mmoja wa bodaboda na mmoja wa bajaji wanaolala jirani, mwachie na dada nyumbani.

Na kama umeshahamia, mwanao bado anabebwa na basi alfajiri, tafadhali usisubiri amalize shule ya msingi. Anza na mwalimu mkuu wa shule anayotoka, uombe uhamisho sasa, ili likizo ya mwezi wa sita ikiisha aanzie huku. Usiku wa kuamkia siku yake ya kwanza, zima kengele ya saa kumi.