Seda, saiprasi ama paini? Chuma koni kwanza

Juzi dada mmoja wa pande za Molo amenitumia meseji. Alinunua miche ya seda kwa nasari fulani apande mpakani, jirani akapita akamwambia hiyo ni saiprasi, umeuziwa mti wa Krismasi. Sasa anauliza amwamini nani. Nilifurahi sana kuulizwa, maana hili jambo nimelipigania miaka, na sisi wa Nakuru tunaoamka tukiangalia msitu wa Mau ni aibu tukiita kila mti wenye sindano paini.

Kuna wakati lori lilishusha posti kwa boma la jamaa zangu kule Elburgon. Broka anaapa ni seda tupu, mchwa haigusi. Mimi nikaona posti zingine bado zina vitawi, nikachuma koni moja. Ilikuwa ngumu kama mbao, ya mviringo, ya kahawia, imeachana vipande kama sita hivi na kila kipande kina kincha kidogo katikati. Hiyo ni saiprasi, haina mjadala, na nikasema hivyo. Broka akanijibu mbele ya watu wote eti wanawake wa vitabu wasiingilie biashara ya watu, wenye boma wakacheka. Mzee mmoja jirani ndiye alichukua ile koni akaigeuzageuza akasema hii si tarakwet, yaani seda kwa Kikalenjin, lakini pesa ilikuwa ishatoka. Zile posti mchwa walizimaliza, na mpaka leo hakuna aliyeniambia pole, ulikuwa umesema ukweli. Nikipita hapo bado inaniuma.

Kwa hivyo shika hii. Seda yetu, Juniperus procera, haizai koni ngumu hata siku moja. Inazaa vitunda laini vidogo kuliko njegere, rangi ya bluu inayoelekea weusi, na juu vina unga mweupe unaotoka ukisugua na kidole. Ukikosa vitunda usikimbilie kusema si seda, mara nyingi mti wa kiume uko kivyake na wa kike kivyake, sogea uangalie mwingine. Majani usiyategemee sana kwa sababu miti ya seda na saiprasi ikikomaa yote miwili ina magamba madogo yamelalia kijitawi, na ikiwa michanga yote miwili ina sindano za kuchoma. Ndio maana kwa nasari mimi husema usibishane juu ya mche, uliza mbegu ilitoka kwa mti gani, na kama mti uko karibu wakupeleke uchume tunda mwenyewe.

Paini nayo sindano zinatoka kwa kifungu. Patula, ile ya kutoka Mexico iliyojaa kwa mashamba ya msitu, ina tatu, saa zingine nne, ndefu na zinaning'inia, halafu koni zake zinabana kwa tawi kwa vikundi na zinaweza kukaa miaka bila kufunguka. Radiata ya California pia ina tatu kwa hivyo kuhesabu peke yake hakutakusaidia, lakini sindano zake ni fupi kidogo na hazining'inii, na koni ni nene, imevimba upande mmoja. Siku hizi huioni sana, ugonjwa wa sindano uliishambulia miaka ya 1960 watu wakaacha kuipanda.

Podo, mti mwingine wa misitu yetu, wala isikusumbue, majani yake ni bapa na koni ya mbao haina.

Jamani tujifunze hii miti. Mtu anaacha shamba miaka ishirini akingojea seda ambayo hakuipanda, na koni ya kumwambia ukweli ni bure, iko chini ya mti. Na nyinyi watu wangu wa Kisumu, ile mnayoita paini kando ya barabara mara nyingi ni mvinje, ambayo hata jamii moja na paini si. Vuta ile "sindano" polepole, itaachana kwa viungo, na kwa kila kiungo utaona vijimeno vidogo vimezunguka. Ya paini haina kiungo popote.