Kabla hujakilaumu kibofu

Mwaka wa kwanza wa uzamili kazi yangu ilikuwa kusoma madoa ya mkojo wa panya, tukichunguza kwa nini mtu hushindwa kuuzuia mkojo baada ya kiharusi. Unatandika karatasi ya chujio chini ya kizimba, unamwacha panya saa chache, kisha unaimulika karatasi kwa taa ya urujuanimno. Mkojo unang'aa wote. Panya mzima huwa na kona yake, kwa hiyo karatasi inatoka na doa kubwa pembeni na vidoa viwili vitatu. Ya yule tuliyemsababishia kiharusi ilijaa madoa katikati. Nikaandika kwenye daftari, kwa furaha ya mgeni: kibofu kimeharibika.

Msimamizi wangu akauliza, "Huyo panya anatembea?"

Alikuwa hatembei. Upande mmoja umelegea, anajizungusha palepale. Kwenye kona angefikaje?

Swali lile lilinirudisha nyumbani, Muheza. Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vililegea na maneno yakapotea. Wiki ya kwanza tu tukamvalisha pampasi, na kila aliyekuja kumjulia hali akaambiwa mkojo haumkai. Maneno yaliporudi kidogo kidogo, siku moja akaniambia, "Mkojo naujua ukija, baba. Ninyi ndio hamji."

Choo kilikuwa uani. Kanga tulimfunga fundo la kukazwa, naye ana mkono mmoja. Tulipoweka kiti cha choo kando ya kitanda, tukamvalisha gauni pana na kumkalisha kila baada ya saa mbili, pampasi ikabaki ya usiku.

Ndiyo maana wewe unayetaka kusomea mkojo baada ya kiharusi, nakuomba uanzie kitandani kwa mgonjwa ndipo umwendee panya. Uzi wa nailoni unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo hadi uzibe mlango wa mshipa wa kati wa ubongo na panya apate kiharusi, njia iliyoelezwa na Longa na wenzake mwaka 1989, utaufundishwa, mikono huzoea. Kujua unapima nini ndiko kunakochukua muda. Kibofu kinaweza kweli kuanza kujikamua mapema, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokizuia mpaka ufike mahali pa haki, na kiharusi huikata breki hiyo. Kinaweza pia kunyamaza kabisa siku za mwanzo, kikajaa hadi kufurika, na mkojo unaochuruzika ukakudanganya kuwa kinajikamua. (Ukimwuguza mtu wa namna hiyo, omba apimwe mkojo unaobaki baada ya kukojoa.) Ya tatu ni ile ya Mama: kibofu kizima, mwili haufiki. Karatasi yenye madoa haitofautishi hizo tatu.

Basi pima shinikizo ndani ya kibofu kwa mrija mwembamba, na ukiweza, panya akiwa macho. Dawa nyingi za usingizi huzima mkojo wenyewe unaoutafuta. Yuretheni, mojawapo ya dawa hizo, huuacha ufanye kazi, ila panya huyo haamki tena. Weka kundi la kulinganishia, la panya waliopasuliwa shingo bila kuzibwa mshipa, maana upasuaji peke yake unatosha kumvuruga mnyama. Na chungulia chupa ya maji. Mimi nimewahi kupoteza usiku mzima kwa chupa iliyovuja.

Halafu usimkweze panya. Kwenye mizizi ya jambo anatufaa: kituo cha shina la ubongo kinachoamuru kukojoa, mtafiti Barrington alikionyesha kwa paka mwaka 1925, na panya anacho kama sisi. Lakini ubongo wake hauna mikunjo, mkojo kwake ni alama ya kuwekea mipaka, na msuli wa kufungia njia hudundadunda wakati anakojoa, ilhali wetu hulegea tu. Tena panya wa maabara ni vijana wenye afya. Mama alikuwa na miaka 67 na presha ya siku nyingi. Ukipewa nafasi ya kutumia panya wazee au wenye presha, ichukue hata kama watakufa wengi zaidi na kazi ikachelewa.

Likizo iliyofuata nilimweleza Mama yote haya, karatasi na taa na kona. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono mzima ukisugua ule mwingine.

"Na hao panya wako," akasema, "nani anawapeleka chooni?"