Natembea Tu: Pikipiki Ndogo na Mchanga wa Kusini

Ukionekana na pikipiki huku kwetu bila abiria nyuma na bila gunia, watu wanajua una jambo. Jumamosi moja nilisimama Mnazi Mmoja, pale Mingoyo barabara inapogawanyika, moja Lindi na nyingine Masasi, nikaagiza chai. Mama mwenye mgahawa akaniuliza natoka wapi. Mtwara mjini. Naenda wapi? Masasi. Kuna msiba? Hakuna. Harusi? Hapana, mama, natembea tu. Akaniangalia mimi, akaiangalia Boxer yangu, akasema, "Na petroli bei hii!" Kisha akaniwekea chapati ya pili ambayo sikuiagiza. Nadhani ni huruma.

Mimi ni fundi wa majokofu. Wiki nzima nimeinama nyuma ya friji za watu, Jumamosi nazunguka. Kila msimu wa korosho ukiisha na wakulima wakilipwa, wadogo zangu wa mtaani wananijia: bro, ninunue chombo gani, nianzie wapi, na wewe hiyo raha unaipatia wapi? Wengi wanataka cha biashara, na hao nawaelekeza kwa wenzao wa kijiweni wanaojua hesabu ya siku. Wawili watatu wanataka kutembea tu kama mimi. Nawaandikia hao.

Usisubiri pikipiki kubwa. Kuna jamaa ana miaka sita anaweka hela ya pikipiki ya Kijapani yenye matanki pembeni aliyoiona kwenye simu, na miaka yote sita hajafika hata Newala. Cc 150 inatosha Kusini yote. Yangu inanipa kilometa 45 mpaka 50 kwa lita nikiwa na adabu. Spea zake utazikuta kijijini kwenye duka linalouza pia sukari na vitenge. Na ikianguka unainyanyua mwenyewe. Itaanguka, na itakayoiangusha ni mchanga.

Barabara ya Mtwara kwenda Masasi kwa kupitia Newala ni kilometa 210. Wakati ule kipande cha mwanzo, kilometa 50 mpaka Mnivata, ndicho kilichokuwa na lami, na hapo ndipo nilipojidanganya. Nilikuwa nimeshaendesha lami miaka, nikajiona dereva. Lami ilipoisha nikaingia kwenye vumbi na gia ya nne, vizuri tu, mpaka rangi ya barabara ikabadilika mbele yangu, kutoka wekundu mgumu kwenda weupe-weupe uliolala kama unga. Tairi la mbele likaanza kucheza. Nikafanya mambo matatu kwa mpigo, yote makosa: nikaachia mafuta, nikaukaza usukani, nikabana breki ya mbele. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimelala ubavu, mchanga mdomoni, tairi la nyuma bado linazunguka hewani.

Akatokea mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la korosho. Akailaza baiskeli taratibu kwenye mwembe, akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemkaba mno."

Alisema hivyo, umemkaba, kama anazungumzia mbuzi. Tukainyanyua pamoja. Akaushika usukani wangu kwa vidole tu, akauchezesha kushoto na kulia. "Hapa unashika kama umeshika kifaranga. Ukimbana anakufa, ukimwachia anakimbia. Tairi lenyewe litatafuta njia." Yule mzee sidhani kama aliwahi kuendesha pikipiki maishani mwake. Alikuwa amevusha magunia kwenye mchanga ule kwa baiskeli tangu mimi sijazaliwa, na alichoniambia ndicho nilichokuja kukuta ni kweli kila nilipokwenda.

Kwa hiyo sikiliza. Ukiuona mchanga mbele, punguza mwendo kabla hujauingia, ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Shuka gia ya pili, ya tatu kama kuna nafasi. Ukishaingia, mafuta yawe yaleyale, usizidishe wala usiachie ghafla, kwa sababu ukiachia uzito wote unahamia mbele na tairi la mbele linajichimbia. Sogea nyuma kwenye kiti, au simama kwenye vikanyagio, magoti yamelibana tangi. Itayumba. Iache iyumbe. Macho yaende mbali, kule mchanga unakoishia, maana ukilitazama tairi utakwenda linakokwenda tairi. Breki ya mbele isahau kabisa. Na miguu usiitoe nje kupapasa chini. Nimeona kifundo cha mguu cha rafiki yangu kilivyogeuka kwa mtindo huo, akakaa na bandeji mwezi mzima.

Kama mchanga ni mrefu, punguza upepo kwenye matairi kidogo ili yalale yapate kushika. Lakini uwe na pampu, ujaze tena ukirudi kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo kwenye lami linachemka, na shimo la kwanza utakalolipiga linaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yanayoelekeana. Mafundi wakiiona tu wanajua ulikotoka.

Kuna mchanga mwingine wa hatari zaidi kwa sababu haufanani na mchanga. Mvua ikinyesha, maji yanaukokota kutoka barabara za vumbi na kuumwaga kwenye lami, hasa kwenye kona. Umelala na kona vizuri, mwendo wa kawaida, na hapo kuna tabaka jembamba kama sukari iliyomwagika mezani. Kwenye lami safi breki ya mbele ndiyo rafiki yako, inafanya kazi kubwa kuliko ya nyuma, kwani ukisimama uzito unakwenda mbele. Juu ya tabaka lile inakulaza. Breki maliza kabla ya kona. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na miezi hiyo mimi kila kona naiwekea shaka.

Barabara nayo uiulizie kabla ya kutoka. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zilizofuatana nacho vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar, mabasi yakalala njiani, na mimi nilikuwa nimeshapanga begi la kwenda Kilwa. Siku hizi swali langu la kwanza napeleka stendi, kwa madereva wa mabasi walioingia usiku. Hao hawakudanganyi, wamepita wenyewe.

Karatasi nitazipitia haraka: leseni iwe na daraja A, bima iwe hai, vijijini mwendo wa hamsini ni hamsini maana tochi za trafiki zipo. Helmeti nunua yako mwenyewe, yenye kioo, ufunge mkanda. Usipoufunga mkanda, umevaa kofia ya jua.

Muda wa kuondoka una siri moja ndogo. Ukitoka Mtwara alfajiri kwenda Masasi, jua linachomoza mgongoni kwako. Ukirudi jioni, liko mgongoni tena. Mwenzako wa Masasi anayekuja Mtwara asubuhi na kurudi jioni analo machoni safari zote mbili. Hii ndiyo faida pekee ninayoijua ya kuishi mwisho wa nchi. Ila kumbuka anayekuja mbele yako hakuoni vizuri, yeye ndiye mwenye jua usoni. Washa taa hata mchana. Na malori ya saruji na ya makaa ya mawe yakipishana nawe, inama kidogo, shika kifaranga chako, subiri kile kishindo cha upepo kipite. Usiku usiendeshe. Ukiona matawi ya miti yamepangwa barabarani, mbele kuna lori limekufa. Usiku utayaona ukiwa umeshayakanyaga.

Sasa mfuko wa chini ya kiti. Mimi nabeba tyubu moja, viraka na solusheni, pampu, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana chache, plagi, linki ya cheni, na waya wa klachi. Huo waya wa klachi sikuwa nao siku niliyouhitaji. Ulikatika nikiwa nimeshapita Nyangao narudi, saa kumi jioni, na fundi pale karibu hayupo. Kijana mmoja wa bodaboda akanicheka kwanza, halafu akanionyesha. Weka nyutro, washa, sukuma pikipiki huku unakimbia nayo, ukishapata mwendo rukia na ukanyage gia ya kwanza. Inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, kisha inakwenda. Gia nyingine unapanda kwa kuachia mafuta nusu sekunde na kukanyaga. Shida ni kusimama, maana kila ukisimama unaanza upya mbio za miguu. Nilifika Mnazi Mmoja hivyo, nikapita katikati ya watu napiga honi na kupunga mkono kama kiongozi. Waya wenyewe ni wa bei ya sahani ya wali. Tangu hapo ninao miwili.

Mafuta jaza mjini. Ikibidi ununue ya chupa kijijini, mwaga tone kiganjani kwanza. Petroli inakupa ubaridi na kukauka upesi. Ikibaki na utelezi, kuna mafuta ya taa humo, na injini itakuambia mbele ya safari. Maji ya kunywa nayo beba ya kutosha. Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga, mvua inazama yote, na utakutana na watu wanasukuma madumu ya maji kwenye baiskeli kutoka mbali. Si vizuri kumwomba mtu wa namna hiyo maji kwa sababu wewe unatembea tu.

Wadogo zangu wakiniuliza raha yenyewe iko wapi, nawaambia iko puani. Kwenye basi huwezi kujua. Juni na Julai unapita mikoroshoni wakati wanapuliza salfa, teremsha kioo cha helmeti maana inawasha macho kweli, lakini harufu ile kwangu ni harufu ya mwaka kuanza. Oktoba ni mabibo, yameanguka chini ya miti na kuanza kuchachuka, tamu na kali kwa pamoja, na unajua kijiji chenye uraka, pombe ya mabibo, kabla hujakiona. Ukikaribia Mikindani upepo unageuka, inaingia chumvi na samaki wa kukaanga. Hiyo Mikindani ni safari yangu ya siku za kazi. Kilometa kumi hivi kutoka mjini, naimaliza kazi saa kumi na moja, nakaa ukutani nikitazama ghuba, nakula pweza, nasikiliza injini ikipoa, tik, tik, tik.

Newala nenda walau mara moja, ufike Shimo la Mungu jioni. Ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa ni bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Chukua koti. Kulala Newala mwezi wa saba kwa shati la Mtwara ni ujinga nilioufanya mimi, usiurudie. Njiani ukikuta wanauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, simama.

Tendaguru, kule Lindi, sitakudanganya: ukifika utaona kilima na pori. Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa wa kale mwaka 1909 mpaka 1913, na mjusi mmoja kati ya hao amesimama Berlin, kimo cha zaidi ya meta 13. Nilifika kwa taabu, mikono inauma, nimekula vumbi siku nzima, nikalalamika sana kwa mwenzangu. Akanikumbusha kwamba mifupa ile haikwenda kwa gari. Wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka Lindi bandarini. Nikanyamaza, nikapiga kiki.

Na Msimbati. Unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, unakula mchanga wako kwa adabu kama nilivyokueleza, halafu unatokea ufukweni. Subiri maji yapwe. Mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu, mtu unaendesha juu yake gia ya tatu, bahari ubavuni, mnazi hapa na mnazi pale. Kaa kwenye mchanga wenye unyevu. Ule mkavu wa juu utakumeza na ule unaong'aa maji utakumeza zaidi. Usiegeshe mbali ukaenda kuogelea bila kutazama saa. Maji yakijaa hayabishi hodi.

Ukirudi nyumbani, hata kama umechoka, ioshe usiku huohuo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Yangu inakula ndoo tatu. Anza na cheni, spoku, chini ya madigadi, halafu ekzosi ikishapoa. Ukiacha mpaka asubuhi, spoku zinaanza kuota kutu kwenye vichwa. Cheni ikikauka ipake oili, uizungushe kwa mkono, uipime kwa kidole isilegee sana wala isikaze. Watoto wa jirani yangu hugombania nani amwage ndoo ya mwisho. Wakishamaliza, pikipiki inang'aa barazani, na mchanga wa Msimbati bado unaendelea kudondoka kutoka kwenye rimu, kidogokidogo, mpaka Jumatano.